Maji Mekundu Kwenye Bwawa la Mbegu

Watu wakitaka kumusema wifi yangu Louise wanapunguza sauti nikipita, juu wanajua niko na mudomo. Basi leo nitasema mimi mwenyewe, yote, na asiyependa azibe masikio.

Louise ni dada mukubwa wa bwana yangu, André. Kwetu dada ya bwana anakuita "bibi yangu", yaani muke wangu, hata mbele ya padri, na wewe unamuita wifi na unamuogopa kidogo. Tunakaa kijiji kimoja kwenye njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, pale ambapo mashimo ni mengi kuliko barabara, na wakati wa mvua motari, yule wa pikipiki, anashuka, anasukuma moto yake, anatukana serikali, anapanda tena. Nyuma ya nyumba zetu kunapita muto mudogo unaoitwa Kamitobo. Unatoka vilimani, unapita kwetu, unakwenda kujimwaga Lualaba.

Louise aliolewa Nyangwe, kwa wavuvi, na alikaa kule miaka mingi bila kuzaa. Siku moja bwana yake akamurudisha kwa mutumbwi, akamuteremusha pamoja na sufuria zake, akawaambia wazee kwa upole kabisa kwamba amechoka kungojea. Kwa upole! Mimi nilikuwa bibi-arusi mupya katika nyumba ile, sikuweza kufungua kinywa, lakini haki ya Mungu, mwiko uliniwasha mukononi. Louise hakulia mbele ya watu. Alipanga sufuria zake ndani ya kibanda cha nyuma, akaomba jembe.

Watu wakasema maneno. Si unawajua watu? Walimuita shamba lisilotoa. Ndipo shangazi yake, bibi mumoja mukali aliyekuwa kapita wa bwawa, yaani musimamizi wake, akamushika mukono akamupeleka mutoni. Akamuambia, "Hapa ndipo utazaa." Mimi nilifikiri bibi kizee amelewa.

Ngoja nikueleze, maana watu wa mujini hawajui kitu. Kwetu wanaume wako na nyavu na mitego, na sisi wamama tuko na matope. Kiangazi, muto ukipungua, unabakia mabwawa mabwawa. Tunajenga ukuta wa udongo na fito, tunamwaga maji kwa masahani na vitunga mupaka chini, tunaokota samaki wakirukaruka. Tunaimba nyimbo za kuwatukana waume wetu, na mwanaume akithubutu kupita pale anapakwa matope mupaka masikioni, awe shefu wa kijiji, awe mwalimu. Ni siku nzuri zile.

Lakini bwawa moja halikaushwi. Ni lile kubwa chini ya jiwe, linaitwa Bwawa la Mbegu. Lile tunalizungushia ukuta ili samaki wabakie ndani, na hakuna mutu anayetia hata ndoano. Kambale wakubwa wanakaa mule kiangazi chote, sawasawa na mahindi ya mbegu yanayotundikwa juu ya moshi jikoni. Hata njaa ikikukaba, mbegu hailiwi. Siku ya kupanda ikifika, mama mukubwa wa nyumba anashusha yale mahindi na kuwagawia wake za watoto wake, mukono kwa mukono, bila kusema neno. Na bwawa ni hivyo hivyo. Mvua ya kwanza ikija, kapita anasema "Fungueni!", tunavunja ukuta, kambale wanatoka na kupanda kwenye majani yaliyofunikwa na maji, wanataga mayai. Samaki wa mwaka mzima wanatoka pale.

Na kapita anajuaje saa ya kufungua? Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, lakini mawingu yanadanganya, yanaweza kupita na kwenda kunyesha kwa jirani. Kapita anatazama maji. Muto ukigeuka mwekundu, ni kwamba mvua imepiga kule juu, imeosha vilima, na maji makubwa yako njiani. Saa ile ile unafungua. Ukikawia, kambale wanamwaga mayai ndani ya bwawa na kuyala wenyewe. Shangazi alifundishwa hivyo, akamufundisha Louise hivyo. Ukiona maji mekundu, fungua.

Shangazi alipokufa, Louise akawa kapita. Na hapo, mwenzangu, lile jina la shamba lisilotoa likafa pia. Wakaanza kumuita Mama wa Mbegu. Mwanamuke akijifungua, Louise ndiye anayepeleka kambale wa kwanza wa mchuzi wa mama. Wageni wakija kwa shefu, shefu anatuma mutu kwake. Nilimuona akinenepa mwaka ule. Alikuwa anatembea kijijini kama mutu aliye na watoto saba.

Kisha zahabu ikaonekana vilimani. Wachimbaji wakaja, wengine kutoka Salamabila, wengine kutoka Kivu, wengine sijui wametoka wapi, huyu anasali musikitini, yule kwa walokole, mwingine hasali kabisa. Mimi siwachukii. Walinunua mihogo yangu bila kubishana. Lakini mutu akiosha muchanga uchafu lazima uende mahali, na maji yanajua njia moja tu, ya kushuka. Walileta mashini za kuvuta maji, mazuti, mafuta ya mashini zile, inavuja humo humo mutoni, pamoja na merkure, ile dawa ya kung'aa inayoshika zahabu. Kamitobo ikaanza kugeuka nyekundu hata katikati ya kiangazi, jua kali, mbinguni hakuna wingu. Watoto wakaanza kujikuna. Padri akatuambia tuchemshe maji. Tukachemsha. Tukapata matope ya moto.

Mwaka mumoja kabla ya huu nitakaousema, mvua ilipokaribia, Louise alishindwa kusoma muto. Ulikuwa mwekundu, kisha nusu mweupe, kisha mwekundu tena. Akaogopa kuingiza uchafu ndani ya bwawa. Akangojea maji mazuri, akangojea, akangojea, na tulipofungua kambale walikuwa wamekwisha kula mayai yao. Samaki walikuwa haba mwaka ule. Tulikula sombe, majani ya muhogo, asubuhi, na sombe jioni. Na nani alibeba lawama? Si wenye mashini. Mado, jirani yetu, mwanamuke mwenye ulimi kuliko wangu, na mimi nimesema niko na mudomo, alisimama sokoni akasema, "Kapita wetu amezeeka, anangojea maji ya chupa." Watu walicheka mupaka wakashika mbavu. Louise aliinama akafunga mihogo yake, akarudi nyumbani.

Kiangazi kilichofuata akaja kijana mumoja wa proje, yaani muradi, kutoka Kasongo, jina lake Sylvestre, amevaa gile ya mifuko mingi. Akatukusanya kando ya kanisa, akatufundisha kulinda samaki. Tusivue na neti za mbu. Tusikamate samaki wenye mayai. Tusitupe plastiki mutoni. Louise alisikiliza yote kwa adabu, kisha akainua mukono.

"Mwanangu, na yale matope ya kule juu?"

Sylvestre akatazama viatu vyake. "Mama, ile haiko ndani ya proje yetu."

"Haiko ndani ya proje," Louise akasema, "lakini iko ndani ya muto."

Watu wakacheka, kijana mwenyewe akacheka, juu hakuwa mutu mubaya. Akatuachia kibao cha mbao ngumu, kimeandikwa kwa rangi: MAHALI PA KUZALIA SAMAKI. NI MARUFUKU KUVUA. Wakakisimamisha kando ya Bwawa la Mbegu, tukapigwa picha, tukapewa soda. Akasema atarudi mvua ikiisha.

Alipokwenda, Louise akanigeukia. "Bibi yangu, vaa kikwembe kizuri. Twende kwa mwenye matope."

Tukapanda sisi wawili nyuma ya moto ya Glody, motari anayepeleka vyakula kule juu. Mwenye chantier, machimbo yale ya zahabu, alikuwa bwana anayeitwa Aganze, mutu wa Kivu. Nilikwenda tayari kwa vita, nimepanga matusi yangu yote vizuri. Basi, yule bwana akasimama, akatupa viti viwili na kubaki wima mwenyewe, akamuita Louise mama, akaagiza watuletee chai. Ukimutukana mutu wa namna ile utaonekana mushenzi. Nikanywa chai yake na hasira yangu pamoja.

Akatuonyesha shimo kubwa walilojaza uchafu wote wa kuosha muchanga, ziwa zima, jekundu, limezuiliwa na ukuta wa udongo na mifuko. Louise akautazama ukuta muda murefu. Akamuambia hivi:

"Baba, mimi sikuombi uache kazi. Kila mutu anatafuta maisha. Naomba ukuta huu uinuliwe mbele ya mvua kuanza. Muto ukija mwekundu niwe na hakika ni mvua, si wewe."

"Mama, ahadi ni deni," Aganze akasema. "Nitauinua."

Na aliuinua! Ndicho kinachoniuma mupaka leo. Kama angetudanganya ningemulaani na kulala usingizi. Glody alipita kule mara nyingi, akaja kutuambia kwamba ukuta umepanda, sasa unamupita mutu kichwa. Na kweli Kamitobo ikatulia. Mwisho wa kiangazi maji yalikuwa karibu meupe, tuliona muchanga wa chini. Louise alikuwa anakwenda bwawani kila asubuhi, anakaa kwenye jiwe, anawatazama kambale wake wakija juu kuvuta hewa. Wanawake walianza tena kumusalimia kwa magoti kidogo. Alirudi akiimba. Nikamutania, "Wifi, umepata bwana mupya?" Akanirushia ganda la muhogo.

Ikafika siku yenyewe. Ilikuwa muchana. Kwetu jua lilikuwa bado kali, lakini vilima vilikuwa vyeusi na radi zinagongana kule. Watoto wakaja mbio kutoka mutoni wakipiga kelele, "Nyekundu! Nyekundu!" Wamama wote tukatoka na majembe.

Kweli muto ulikuwa unapanda, mwekundu. Tukasimama juu ya ukuta, majembe begani, tukingojea kapita aseme. Louise akashuka, akachota maji kwa kiganja, akanusa. Na mimi nilinusa. Nikamusogelea, nikamuambia polepole, "Wifi, maji haya yananuka mazuti."

"Kila maji siku hizi yananuka mazuti," akasema. Lakini nilimuona ameshikwa. Anatazama muto, anatazama vilima.

Mado akapaza sauti kutoka nyuma. "Kapita, mwaka huu tena tutangojea ya chupa?"

Hakuna aliyecheka, lakini lile neno lilifika. Louise akaniangalia mimi, si Mado. "Radi umeisikia. Ukuta wa Aganze umeinuliwa. Maji ni mekundu. Bibi yangu, nikikawia mwaka huu tena, hakuna mwaka mwingine." Akageuka, akapaza sauti ile ya shangazi yake: "Fungueni!"

Tukavunja ukuta tukiimba. Kambale wale wakubwa walihisi maji mapya, wakaanza kutoka, migongo yao myeusi inapasua maji, wakienda kwenye majani. Nilimuona Louise anacheka na meno yote. Mimi pia nilicheka. Nilisema moyoni, asante Mungu, leo Mado atalala na ulimi wake.

Kisha maji yakaja mengine. Haya hayakuwa maji, yalikuwa uji. Mazito, na povu la rangi ya mafuta juu yake. Yalikuja kwa kishindo, yakajaza bwawa, yakaingia kwenye majani. Wimbo ukakatika vinywani mwetu.

Baadaye Glody alituambia ilivyokuwa. Mvua ya kwanza ilipiga lile ziwa la Aganze, na ukuta ukaanguka mara moja, wote. Tena kwa sababu uliinuliwa, ulikuwa umekusanya uchafu mwingi kuliko mwaka wowote, na ulipoanguka ulitutupia wote kwa mara moja.

Kambale si samaki wa kufa ovyo. Anavuta hewa, anatembea kwenye majani, mutu anaweza kumubeba kutwa nzima na bado anakupiga mukia. Siku ile niliwaona wanapanda kwenye nchi kavu wenyewe, wanafungua vinywa, na ndani ya vinywa ni udongo. Yesu Maria! Wengine walikuwa wananyoosha vichwa kwenye miguu yetu. Louise aliingia majini mupaka kifuani, akaanza kujenga tena ukuta kwa mikono. "Udongo! Leteni udongo!" Tukatupa udongo, tukatupa vitunga, mimi nikatupa kikwembe changu cha juu. Ukuta ulikuwa unayeyuka mikononi mwake kama sukari. Aliendelea kuita udongo hata sisi tulipokuwa tumesimama.

Mado ndiye aliyeinama kwanza, akatia kambale mumoja ndani ya sahani. Kisha mwingine. Kisha sisi wote. Na mimi niliokota, ndiyo. Ulitaka niwaache waoze, wakati watoto walikula sombe mwaka muzima? Tuliokota tukilia, na katikati ya kulia wawili wakagombania kambale mumoja mupaka wakavutana nywele. Harufu ya moshi ilijaa kijiji kizima. Samaki wale walikuwa na ladha ya musumari. Watu walikula hivyo hivyo.

Louise hakuokota wa kula. Alitafuta waliokuwa bado wanapiga mukia, akawabeba ndani ya beseni mupaka kwenye chemchemi, akawaosha mumoja mumoja, akawatia kwenye pipa nyuma ya kibanda chake.

Aganze alikuja, hilo lazima niliseme. Alikuja na moto mbili zimebeba muchele, akavua kofia mbele ya wamama. "Mama, mvua ni ya Mungu," akasema. Watu walipokea muchele. Louise alimusikiliza, kisha akasema tu, "Uliinua ukuta, baba. Ndiyo maana nilifungua." Yule bwana hakuelewa, nilimuona hakuelewa. Nyuma ya miezi michache alihama na mashini zake, akaenda kilima kingine, kuharibu muto wa watu wengine.

Mvua ile yote Louise aliishi kwa ajili ya pipa. Alichota maji ya chemchemi asubuhi na jioni, akabadilisha. Kumbikumbi wakiruka, wengine tunakaanga, yeye anawapelekea kambale wake. Anawavunjia bugali kwa vidole. Nje ya kiwanja chake jina la zamani lilikuwa limefufuka. Mado sokoni: "Kapita gani hajui maji? Shamba lisilotoa limeua hata mashamba ya wengine." Nilimushika Mado kwenye kola siku ile, muulize atakuonyesha alama. Lakini maneno hayashikwi kwenye kola.

Nilipokuwa ninakwenda kumuona Louise, nilimutania ili acheke. "Wifi, watoto wako wa pipa wameamukaje?" Akajibu, "Wameamuka, wanakusalimia, wanasema shangazi yao ana mudomo." Tukacheka kidogo. Kisha akaniambia mupango wake. Mvua ikiisha, Kamitobo itatulia, uchafu utashuka Lualaba, atawarudisha. "Mbegu ikiwa mbili, dume na jike, inatosha. Shangazi alisema bwawa lile lilianza na wawili."

Walikufa polepole. Huyu alitoka vidonda, yule aliacha kula. Aliwazika chini ya mugomba, hakuruhusu hata paka kuwagusa. Kiangazi kilipofika walikuwa wamebaki wawili kweli, dume mumoja murefu, na jike mukubwa ambaye tumbo lilianza kujaa mayai. Kijiji kizima kilikuja kuchungulia pipa. Hata Mado alituma mutoto wake aje kuona. Na maji ya Kamitobo, sasa Aganze amehama, yalikuwa yamerudi meupe, unaona chini. Mimi, mutu ninayejua kukata tamaa mapema, niliamini. Nilifua kile kikwembe nilichovaa siku ya chai.

Tulipokwenda naye bwawani, kwanza alitia fito. Zamani fito ile ilizama yote. Sasa iligusa chini na maji hayakufika goti. Udongo wa Aganze ulikuwa umelala mule, laini, mwekundu, umejaza bwawa kama unga kwenye gunia. Juu ni maji meupe, chini ni ule. Louise akachomoa fito. Akatia wale wawili ndani ya mugono, ule mutego wa fito, ili waonje maji mbele ya kuwaachilia. Wakapiga mikia. Udongo ukapanda.

Asubuhi tukarudi. Dume alikuwa ubavu juu, kinywa kimejaa. Jike alikuwa anafungua na kufunga mashavu, polepole sana, hajui hata kukimbia mukono.

André bwana yangu alitaka kutengeneza mambo, wanaume wako hivyo. "Dada, nitakwenda Nyangwe, nitakununulia kambale wazima."

"Mbegu iko, André," Louise akasema. "Iko Nyangwe, iko Lualaba, iko kila mahali. Shamba ndilo hakuna."

Akamutoa yule jike kwenye mugono, akamubeba kwenye mikono kama unavyobeba mutoto anayetoka kuoga. Akaniambia, "Bibi yangu, ita wamama. Wote. Na Mado."

Walikuja wakati jua linateremuka, kila mumoja na uwoga wake. Louise alikuwa amekaa chini kando ya bwawa na sufuria, na chupa ya mawese, na chumvi. Kuni hakuleta. Alisimama, akakishika kile kibao cha Sylvestre, akakitikisa mupaka kikatoka, akakipasua kwa shoka. Mbao ngumu ile iliwaka vizuri, na yule jike akaingia sufuriani. Sylvestre hakurudi kuulizia.

Nikamusogelea. "Wifi, na ile merkure?"

"Huyu? Mvua nzima amekula bugali yangu na maji ya chemchemi," akasema. "Huyu ni safi kuliko sisi."

Ndipo tukaelewa, wote kwa pamoja, kwamba ni matanga inaisha. Kwetu siku ya kuondoa matanga wafiwa wanakula sufuria moja, na nyuma ya hapo hakuna anayelia tena mbele ya watu. Mado akapiga magoti. "Kapita, unisamehe."

"Hakuna kapita," Louise akamuambia. "Kaa. Chakula kinapoa."

Tukala, kila mutu kipande cha ukubwa wa kidole, na bugali. Nilifikiri imekwisha, nikaanza kukusanya sahani. Louise akasema ningoje. Akatoa kwenye majivu jani la mugomba lililofungwa, akalifungua. Ndani yake yalikuwa mayai ya yule jike, yote, yameiva, madogo madogo kama mbegu za mulenda.

Akasimama. Akapita mbele yetu mumoja mumoja, mukono kwa mukono, kama mama mukubwa anavyogawa mahindi siku ya kupanda, yeye ambaye hakuwahi kuwa na muke wa mutoto wa kumugawia. Hakusema neno. Alipofika kwa Mado hakupunguza. Alipofika kwangu nilifungua kiganja, akatia, akafunga vidole vyangu kwa mukono wake. Mukono wake ulikuwa wa baridi.

Yeye akabaki na jani tupu. Akatutazama, akangojea. Basi tukaipeleka mbegu kinywani, sisi wote, tukaitafuna mupaka ikaisha.